Uvimbe wa mishipa ya fahamu: dalili, vipimo na matibabu

Mtu akitokewa na uvimbe chini ya ngozi, uvimbe usiopasuka kama jipu wala kuondoka kwa vidonge, majina hupatikana upesi kabla ya daktari kuonwa. Jirani mmoja atasema ni ukoma. Mwingine atasema ni kansa. Wa tatu atashusha sauti na kusema ametupiwa kitu. Jina linalosikika mara chache ni lile ambalo pengine ndilo lenyewe: uvimbe wa mshipa wa fahamu.

Sehemu kubwa ya uvimbe wa namna hii si kansa. Mtu anaweza kuishi nao miaka 40 na kufa kwa uzee. Lakini umekaa juu ya kamba inayoamsha kidole, inayofumba jicho au inayopeleka sauti kutoka sikioni hadi kwenye ubongo, na shida inaanzia hapo. Aliyekatwa uvimbe huo haraka haraka, na mtu asiyejua umetoka wapi, anaweza kuamka akiwa na kovu zuri na mkono usioinuka. Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla ya kuuliza ni nani atakayeukata, ni vizuri kujua ni uvimbe gani.

Mshipa tunaousema

Kiswahili chetu kinatumia neno moja, mshipa, kwa vitu vingi. Kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, na wengi huita mshipa hata kano inayoshika msuli kwenye mfupa, na hata ngiri. Ndiyo maana mgonjwa aliyeambiwa tu kwamba ana uvimbe wa mshipa hurudi nyumbani akidhani ni habari ya damu au ya presha. Mshipa wa fahamu hauna damu ndani ya kupita. Ni kamba nyeupe, mingine minene kama kidole, mingine myembamba kama uzi, na ndani yake mna nyuzi nyingi sana zinazobeba amri kutoka ubongo kwenda misulini, na habari za joto, maumivu na mguso kurudi kwenye ubongo.

Nyuzi hizo zimefunikwa na seli zinazoitwa seli za Schwann, kwa jina la Theodor Schwann, Mjerumani aliyezieleza mwaka wa 1839 na ambaye baadaye alifundisha Leuven na Liège kule Ubelgiji. Seli hizi ni kama plastiki inayofunika waya wa umeme. Kati yake mna nyama laini inayoshikanisha kila kitu. Uvimbe mwingi wa mishipa ya fahamu hauzaliwi na nyuzi zenyewe. Huzaliwa na kifuniko hiki na nyama hii, na namna unavyokua ndiyo inayoamua kama utatolewa kwa urahisi ama kwa taabu.

Uvimbe wa kwanza unaitwa shwanoma. Unaota ubavuni mwa mshipa, ukiwa na ngozi yake, na unasukuma nyuzi pembeni bila kuzila. Daktari mpasuaji mwenye mkono mzuri anaweza kufungua ngozi ile na kuutoa kama unavyotoa haragwe ndani ya ganda, mshipa ukabaki mzima. Wa pili unaitwa nyurofibroma. Huu unajichanganya na nyuzi. Fikiria unga wa muhogo uliokwisha kuchanganywa na unga wa mahindi kwa ajili ya bugali: hakuna chekecho itakayotenganisha tena. Ukiutoa wote kwenye mshipa mkubwa, umetoa na kipande cha mshipa. Tofauti hii inafaa kukumbukwa, maana mambo mengi yanayofuata yanatoka hapo.

Unavyojionyesha

Shwanoma mara nyingi ni kitu kimoja tu, kwa mtu mzima, shingoni, mkononi au mguuni. Unakua polepole, kwa miaka. Ukiushika, unasogea kulia na kushoto lakini haukubali kwenda juu na chini kufuata urefu wa mshipa, kwa sababu umefungwa kwenye kamba. Ukiugonga kidogo kwa kidole, mgonjwa anaruka: anasikia kama umeme unaokimbia hadi vidoleni. Uvimbe wa mafuta hauleti umeme huo, wala tezi ya kawaida. Shingoni shwanoma hudhaniwa kuwa tezi ya kifua kikuu, na kuna watu wanaoanzishiwa dawa za TB kwa miezi bila tezi yao kupungua hata kidogo.

Shwanoma ukikaa ndani ya kichwa, juu ya mshipa wa kusikia na wa kujisawazisha, hauonekani wala kushikika. Sikio moja linaanza kupoteza sauti. Mgonjwa mwenyewe hagundui. Wa nyumbani wanaona tu kwamba kila simu inapoita anaihamishia upande uleule mmoja. Kisha unakuja mlio usiokwisha ndani ya sikio hilo, na kuyumba wakati wa kutembea gizani. Kwetu, mlio wa masikio husemwa ni wa kinini, na ni kweli kinini huleta mlio. Lakini mlio wa kinini huja masikio yote mawili na kuisha dawa inapoisha. Mlio wa sikio moja unaodumu miezi, pamoja na usikivu unaopungua upande huo, unadai kipimo.

Kuna kitu kingine kinachofanana na uvimbe wa mshipa ingawa si uvimbe wa kweli, na katika mikoa yetu yenye vita kinastahili kutajwa. Mguu au mkono ukikatwa, ncha ya mshipa uliokatwa inajaribu kukua tena, haioni njia, inajikunja na kuwa fundo. Fundo hilo likiguswa na mguu wa bandia linaleta maumivu makali mno. Mgonjwa huyo si mvivu wala hajakataa mguu wake mpya. Kuna dawa, kuna kurekebisha mahali mguu wa bandia unapobana, na mara nyingine kuna upasuaji wa kuzika ncha ile ndani ya msuli.

Nyurofibroma ya ngozi ni laini. Ukiisukuma kwa kidole inazama kama kifungo kinachoingia kwenye tundu lake, kisha inarudi. Ikiwa moja tu, haina habari kubwa. Zikiwa mbili au zaidi, na hasa zikiwa makumi, lazima kuufikiria ugonjwa ambao tutakaa nao kwa muda.

Ugonjwa wa Recklinghausen

Kwenye karatasi ya hospitali utaona imeandikwa «maladie de Recklinghausen» au neurofibromatose. Friedrich von Recklinghausen alikuwa daktari wa Strasbourg, na mwaka wa 1882 alionyesha kwamba vivimbe vingi vya ngozi vya wagonjwa wake vilitoka kwenye mishipa ya fahamu. Leo tunauita nyurofibromatosi ya aina ya 1. Si ugonjwa wa ajabu kama watu wanavyodhani: unampata mtoto mmoja kati ya watoto 3,000 hivi wanaozaliwa, katika kila taifa na kila rangi ya ngozi, wanaume na wanawake sawasawa. Katika mji wenye watu milioni moja tunaweza kutazamia mamia yao. Wengi wamejifungia nyumbani.

Chanzo chake kilijulikana mwaka wa 1990, wakati jeni yenyewe ilipopatikana kwenye kromosomu ya 17. Jeni hiyo inatengeneza protini inayofanya kazi ya freni: inaiambia seli ipunguze kukua. Freni ikiharibika, seli za mshipa zinaendelea kuongezeka kama pikipiki inayoshuka mlima bila kitu cha kuizuia. Mzazi mwenye ugonjwa anaweza kumpitishia kila mtoto kwa nafasi 1 kati ya 2, mimba kwa mimba. Lakini karibu nusu ya wagonjwa hawana mzazi yeyote mwenye ugonjwa huo: jeni iliharibika yenyewe, wakati mimba inaanza. Jambo hili limevunja ndoa. Baba anasema «kwetu hakuna kitu kama hiki», ukoo wa mama unasema vilevile, na wote wawili wanasema kweli. Hakuna aliyekosa. Na hauambukizi hata kidogo, si kwa mkono, si kwa kitanda, si kwa kula sahani moja, si kwa maziwa ya mama.

Ugonjwa hauji wote mara moja. Mtoto anazaliwa, au katika mwaka wake wa kwanza anatokewa, na madoa bapa yenye rangi ya kahawa na maziwa. Vitabu viliandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu madoa hayo ni ya rangi ya kahawa isiyotiwa kitu, meusi kuliko ngozi inayoyazunguka, yenye mpaka unaoonekana vizuri. Doa moja au mawili, watu wengi wanayo na hayana maana. Yakifika 6 au zaidi, kila moja likiwa na upana wa milimita 5 au zaidi kwa mtoto, au milimita 15 kwa aliyekwisha kubalehe, hapo daktari anaanza kuhesabu. Baadaye, mara nyingi kabla ya umri wa kwenda shule au katika miaka ya kwanza ya shule, vidoa vidogo vidogo hutokea makwapani na kwenye kinena, mahali jua halifiki. Vivimbe vyenyewe hungoja. Kwa wengi huanza wakati wa kubalehe, na kwa wanawake huongezeka wakati wa mimba. Mwanamke anayeona mwili wake umejaa vivimbe vipya katika mimba ya tatu hajarogwa na mke mwenza.

Daktari wa macho akitazama kwa taa yake anaweza kuona vinundu vidogo kwenye sehemu ya rangi ya jicho. Havidhuru kuona, lakini vinasaidia sana kuuthibitisha ugonjwa bila gharama. Ukichukua orodha yote, yaani madoa, vidoa vya makwapa, nyurofibroma mbili au zaidi, vinundu vya macho, uvimbe wa mshipa wa kuona, mifupa iliyopinda kwa namna yake, na mzazi mwenye ugonjwa, mawili kati ya hayo yanatosha kwa kawaida. Kipimo cha jeni kipo katika nchi nyingine, lakini muuguzi mwenye macho, rula na subira anaweza kuugundua ugonjwa huu katika kituo cha afya cha kijiji. Kwangu hilo ni jambo la kutia moyo.

Kila mgonjwa ana njia yake. Katika nyumba moja baba anaweza kuwa na madoa tu, na binti yake akawa na uvimbe unaoshusha nusu ya uso. Uvimbe huo mkubwa, unaofuata mshipa na matawi yake yote, mara nyingi mtu huzaliwa nao. Ukiushika unasikia kama mfuko wa minyoo. Unakua hasa utotoni, una damu nyingi, na ndio unaoweza kugeuka kuwa kansa. Mtu mwenye nyurofibromatosi ya aina ya 1 ana hatari ya karibu 1 kati ya 10, katika maisha yake yote, ya kupata kansa ya kifuniko cha mshipa. Kwa hiyo 9 kati ya 10 hawaipati, lakini wote wanapaswa kuzijua dalili zake.

Mbali na ngozi, kuna mambo ambayo familia haiyaunganishi na madoa. Mtoto mchanga mwenye mguu uliopinda chini ya goti, mfupa ukavunjika na kukataa kuunga: watu wanahama kutoka mganga wa mifupa mmoja hadi mwingine, kumbe madoa yako wazi mgongoni. Uti wa mgongo unaojipinda upesi karibu na miaka 8 au 10. Jicho linaloanza kutoka nje au kupoteza nguvu kabla ya miaka 7. Presha ya juu kwa kijana, kwa sababu mshipa wa damu wa figo umekuwa mwembamba, au kwa sababu ya uvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo. Na shule. Karibu nusu ya watoto hawa, au zaidi, wana shida ya kusoma, kuhesabu au kutulia darasani, ingawa akili yao kwa kawaida si ya chini sana. Mwalimu anayempiga mtoto kwa kutotulia anapiga jeni.

Kuna pia ugonjwa wa pili, wa nadra zaidi, ambao kwa miaka mingi uliitwa nyurofibromatosi ya aina ya 2. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 22 na ilipatikana mwaka wa 1993. Mwaka wa 2022 wataalamu walibadili jina lake, kwa sababu uvimbe wake ni shwanoma, si nyurofibroma. Unashambulia mishipa ya kusikia ya masikio yote mawili. Kijana anayeanza kuwa kiziwi pande zote, polepole, bila usaha wala homa, achunguzwe kwa ajili hiyo.

Kutofautisha na magonjwa mengine ya kwetu

Ukoma ndio unaowatia watu hofu, na kwa haki, maana bado upo katika Kongo. Lakini ukoma una alama yake: doa lake limekufa ganzi. Mgonjwa afumbe macho, uguse doa kwa ncha ya pamba, umwombe aonyeshe ulipogusa. Doa la kahawa la nyurofibromatosi linasikia kama ngozi nyingine. Ukoma pia huleta mishipa minene, kwenye kiwiko, shingoni na kando ya goti, kwa hiyo mshipa mnene pamoja na doa lenye ganzi ni ukoma hadi ithibitishwe vingine. Nao unapona kwa dawa za bure za miezi 6 au 12. Wasomaji wa Walawi 13 wanajua kwamba hata kuhani hakutangaza mtu kuwa najisi kwa kutupa jicho mara moja: palipokuwa na shaka alingoja siku saba na kutazama tena. Sisi hutangaza barabarani.

Karibu na mito ya mbio, vivimbe vigumu visivyouma juu ya nyonga, mbavu au kichwa ni vya filaria ya upofu wa mtoni, hasa kama ngozi inawasha usiku kucha. Hivyo vinakaa karibu na mfupa na ni vigumu, wakati nyurofibroma ni laini na hutoka ndani ya ngozi yenyewe. Dawa yake ni ile Mectizan inayogawanywa vijijini. Uvimbe wa mafuta nao ni laini, lakini hauna umeme na hauna madoa.

Na kuna uvimbe wa mishipa wa watoto wadogo ambao haufai kungoja hata wiki: nyuroblastoma. Huu ni kansa. Unatoka kwenye seli changa za mishipa ya fahamu, mara nyingi juu ya figo, na wengi wanaoupata hawajafika miaka 5. Tumbo linavimba na kuwa gumu, mtoto anapauka, analia akiguswa miguu kwa sababu ya maumivu ya mifupa, na mara nyingine macho yanatoka nje na kuzungukwa na weusi kama aliyepigwa ngumi. Mama huulizwa ni nani aliyempiga. Mtoto huyo apelekwe hospitali kubwa siku hiyo. Watoto walio chini ya miezi 18 hupona vizuri zaidi kuliko wakubwa.

Vipimo

Mkono na macho ya daktari ndiyo kipimo cha kwanza: kuutazama mwili wote bila nguo, kupima nguvu ya kila kidole, kugusa kwa pamba, kugonga uvimbe, kupima presha. Ekografi, ambayo hospitali kuu ya rejeo nyingi inayo, inaweza kuonyesha kama uvimbe una mkia juu na chini, yaani mshipa unaoingia na kutoka. Kipimo bora ni IRM, kinachoonyesha uvimbe, mshipa na uti wa mgongo kwa pamoja. Ni ghali na kipo katika miji michache. Wengi wa Goma na Bukavu huvuka kwenda Kigali. Kwa hiyo daktari anayekuomba IRM kwa kivimbe kidogo cha ngozi kisichouma, umwulize kwa heshima itabadili nini. Anayeiomba kwa uvimbe unaokua, au kwa sikio moja lililokufa, hapotezi pesa zako.

Kuchukua kipande cha nyama kunahitaji tahadhari. Sindano ikiingia kwenye shwanoma inaleta maumivu yanayopiga mwili mzima, na kisu kikikata kipande bila kuona nyuzi kinaweza kulemaza. Kipande kinachukuliwa pale kansa inaposhukiwa, au wakati wa upasuaji wenyewe. Na kila kilichotolewa kipelekwe maabara kutazamwa kwa darubini. Uvimbe uliotupwa kwenye ndoo hauwezi kujibu swali lolote baadaye.

Matibabu

Matibabu ya kwanza, kwa wengi, ni kuuacha na kuutazama. Watu hawalipendi neno hili, wanahisi hawakutibiwa. Lakini uvimbe mdogo usiouma, usiokua na usiobana kitu hauna sababu ya kukatwa. Pimeni kwa rula, andikeni tarehe, pigeni picha kwa simu, mrudi baada ya miezi sita.

Shwanoma unaouma, unaokua au unaoanza kuleta udhaifu hutolewa. Daktari anafungua kufuata urefu wa mshipa, kamwe si kwa kuukata kati, anatumia miwani ya kukuza na, kama ipo, sindano ndogo ya umeme inayoonyesha ni uzi gani unaotikisa msuli. Kama chombo hicho kitatumika, anayemlaza mgonjwa asimpe dawa ya kulegeza misuli ya muda mrefu, maana msuli uliolegezwa haujibu. Ukitolewa wote, mara chache sana hurudi. Kabla ya kusaini karatasi, mwulize mpasuaji maswali mawili: uvimbe huu umetoka mshipa gani, na mshipa huo unafanya kazi gani? Asiyeweza kuyajibu hajawa tayari kukata. Mshipa wa nyuma ya mkono wa juu ukikatwa, kiganja kinaning'inia. Ule wa kando ya goti ukikatwa, ncha ya mguu inaburuta. Mshipa ulioshonwa vizuri hukua kama milimita moja kwa siku. Sentimita 20 ni zaidi ya miezi sita ya kungoja, na mazoezi ya viungo kila siku ili vidole visikakamae.

Nyurofibroma za ngozi zinaweza kutolewa moja moja, zile zinazobanwa na mshipi au sidiria, zinazotoka damu, au zile za usoni zinazomfanya mtu asitoke nje. Hiyo pia ni sababu ya kutosha, si majivuno. Nyingine zitaota, na mgonjwa aambiwe hivyo mapema. Ule uvimbe mkubwa wa kuzaliwa nao ni kazi ya hospitali yenye akiba ya damu. Kuuchanja kwa wembe, kuufunga uzi au kuuchoma nyumbani kumewahi kumaliza damu ya mtu.

Dawa ya kupunguza uvimbe huo mkubwa ipo tangu 2020, Marekani ilipoikubali selumetinib kwa watoto kuanzia miaka 2 ambao uvimbe wao hauwezi kukatwa. Ni vidonge vinavyofanya sehemu ya kazi ya ile freni iliyoharibika. Katika uchunguzi, kwa zaidi ya nusu ya watoto uvimbe ulipungua angalau kwa asilimia 20, na maumivu yakapungua pia. Hauondoki wote, na dawa hutumiwa kwa muda mrefu. Bei yake ni kubwa mno kwa familia ya kawaida ya kwetu. Tunaitaja ili mtu asije akauziwa sokoni kitu kingine kwa jina hilo.

Maumivu ya mshipa hayasikii parasetamoli. Amitriptilini au karbamazepini, kwa dozi ndogo inayopandishwa na daktari, husaidia zaidi. Mionzi inaepukwa kwa mwenye nyurofibromatosi ya aina ya 1 isipokuwa kwa kansa yenyewe, kwa sababu inaweza kuzaa kansa nyingine. Kansa ya mshipa hukatwa na pambizo pana la nyama nzima, na hapo inafaa kutafuta vituo vya kansa kama Butaro kule Rwanda au taasisi ya kansa ya Mulago, Kampala.

Lini usingoje

Uvimbe uliokaa kimya miaka kisha ukaanza kukua kwa wiki. Uvimbe uliokuwa laini ukawa mgumu. Maumivu mapya yanayomwamsha mtu usiku. Kidole, mguu au uso unaopoteza nguvu. Miguu inayolegea pamoja na mkojo usiozuilika, maana hapo uvimbe unabana uti wa mgongo na saa zinahesabiwa.

Kwa aliyekwisha kutambuliwa, mara moja kwa mwaka inatosha ikiwa yuko vizuri: presha, mgongo, macho kwa watoto, urefu na uzito, maendeleo ya shule, na kushika kila uvimbe wa zamani kuona kama umebadilika. Wanawake waanze kuchunguzwa matiti wakiwa na miaka 30, kwa kuwa hatari yao ya kansa ya titi kabla ya miaka 50 iko juu kuliko ya wengine. Anayetaka kuoa au kuolewa aambiwe ile nafasi ya 1 kati ya 2 waziwazi, na mwenzake awepo.

Kuhusu mtoto anayesemwa kuwa mchawi kwa sababu ya madoa au uvimbe wake, sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inaweka adhabu ya kifungo kwa anayemshtaki mtoto uchawi. Anayetaka kumwombea amwombee, bila kumnyima chakula, bila kumfungia, na bila kuahirisha siku aliyopangiwa na daktari. Siku hiyo mzazi achukue karatasi zote za zamani, picha za simu zenye tarehe, jina la kila dawa iliyotumiwa, ya hospitali na ya majani, na, ikiwezekana, aende na ndugu mwingine wa nyumbani mwenye madoa kama hayo.